Makoti Meupe ya Rusayl

Nilirudi Muscat kutoka likizo mwanzoni mwa Septemba mwaka 2004. Nilipofungua chumba chetu cha Darsait, nilimkuta Achieng ameketi juu ya sanduku lake la safari. Sanduku lilikuwa limezungushiwa kamba za katani. Kitanda chake kilikuwa kitupu, shuka zimekunjwa, na picha ya mama yake, iliyokuwa ukutani tangu siku alipohamia, imeondolewa.

Nilidhani kuna msiba. Nikatua mizigo yangu mlangoni na kumuuliza ni nani aliyekufa.

"Mimi," akasema.

Achieng ni mtu wa mzaha, kwa hiyo nilingoja acheke. Hakucheka. Niliketi sakafuni karibu na miguu yake, bado nina vumbi la Bungoma kwenye viatu, akanieleza. Milango yote aliyoisuka nilipokuwa nyumbani ilikuwa imeharibika. Ikiwekewa umeme inatoa cheche. Mhandisi Ghanim ameipangusa ndani kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka na mafuta, na kila mtu amekubaliana kwamba mafuta hayo ni losheni ya mikono yake. Mudir Humaid, mwenye karakana, amesema khalas, basi. Mgeni kutoka maabara ya Ulaya anakuja Jumapili, na Jumatatu yeye Achieng anapanda ndege kurudi kwao.

"Na ulipaka losheni?"

"Jemimah, aki ya Mungu, sijapaka hata Vaseline. Tazama." Alininyooshea mikono. Ilikuwa imepauka na kupasuka kwenye vifundo kama ya mtu anayefyatua matofali.

Usiku ule niliomba, lakini sikuweza kumaliza sala. Kila nilipofika pale pa kumwachia Bwana, kichwa kilirudi kwenye ile mikono.

Inafaa nieleze milango hiyo ni nini. Si milango ya nyumba. Ni visanduku vipana, vyembamba, vyenye ukubwa wa mlango wa kawaida, na ndiyo maana karakanani tuliviita hivyo. Ndani ya kila kimoja kuna nyaya nyembamba kuliko unywele, zimevutwa sambamba kutoka ubavu hadi ubavu. Kisanduku kinajazwa gesi, kinafungwa, na nyaya zinapewa umeme mkali. Chembe ndogo isiyoonekana ikipita ndani ya gesi huacha alama, na waya ulio karibu unaitambua na kutoa habari. Kazi yetu sisi wanawake wawili ilikuwa kuzisuka nyaya hizo kwa mkono.

Milango hiyo ilikuwa inakwenda Ulaya, kwenye maabara kubwa ambayo nchi nyingi zimechangia. Chini ya ardhi huko wana mtambo wanaouita kigunduzi, mrefu kama jengo la ghorofa, unaotazama chembe zinapogongana. Walikuwa wanauboresha ili uweze kuhimili migongano mingi zaidi, na sehemu moja ya maboresho hayo ilikuwa duara la milango mipya kuuzunguka. Mudir Humaid alisoma huko ujanani. Alirudi Oman akafungua karakana ndogo Rusayl, ya vipimo vya pampu na mabomba ya mafuta, lakini moyo wake ulibaki kule chini ya ardhi. Fedha za maboresho zilipopunguka na viwanda vya Ulaya vikawa ghali, aliomba apewe duara hilo alitengeneze kwa bei ambayo hata mhasibu wake aliisikitikia.

Walimpa nusu. Kamati inayotoa fedha ilisema kwamba nusu hiyo ikifanya kazi vizuri, fedha za kumalizia duara zitatolewa na zitakuja Rusayl. Isipofanya kazi, duara litaachwa na pengo na mtambo utafungwa hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mfuko mwingine wa kuchota. Sote tulilijua hilo. Nilikuwa nimeliombea kanisani Ruwi kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, na baadhi ya wenzangu wa ushirika walidhani naombea milango ya nyumba, wakaniuliza kama najenga.

Na Achieng naye alikuwa ameingoja meza ile ya nyaya muda mrefu. Kabla yake alisafisha nyumba za watu Azaiba. Kurudishwa kwa kosa maana yake ni kwamba hakuna tajiri mwingine Muscat ambaye angemchukua.

Asubuhi nilikwenda kazini na basi la wafanyakazi. Ghanim alinipokea kwa furaha ya mtu aliyechoka. Yeye ni Mwomani aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake kina utulivu wa huko. Hakumchukia Achieng, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa, kwa sababu ningejua la kusema mbele ya mtu mwenye chuki. Alinichukua moja kwa moja hadi kwenye meza ya majaribio ili nijionee mwenyewe.

Kwanza aliwasha mlango mmoja nilioufanya mimi kabla ya likizo. Alipandisha umeme taratibu. Mshale wa kipimo ulilala kimya, na kwenye kiwambo zikaanza kuonekana nukta, moja hapa, moja pale, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye mchanga. Hizo ni chembe zinazoshuka kutoka angani mchana na usiku, zinapita kwenye paa, kwenye miili yetu na kwenye sakafu, nasi hatusikii kitu. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni aliwahi kunieleza zinatokana na nini, nami nilimwelewa, lakini kuelewa hakukuniondolea hofu njema ninayoisikia nikisimama mbele yake.

Kisha akawasha mlango wa Achieng. Umeme haukufika hata nusu. Mshale uliruka hadi mwisho, ukarudi, ukaruka tena, na ndani ya kisanduku tukasikia mlio mdogo, tik, tik, kama mtu anayevunja vijiti. Ghanim akazima haraka.

"Yote ni hivi," akasema. "Yote aliyoisuka yeye. Yako hakuna hata mmoja. Sasa niambie wewe nimlaumu nani."

Nilimwomba tu aniruhusu niingie chumba safi nikaanze kazi, labda mikono ikishughulika akili nayo itafunguka. Chumba safi ndimo nyaya zinamosukwa. Hewa yake huchujwa, na hakuna anayeingia bila koti jeupe, kofia na viatu vya kitambaa. Makoti hukaa kwenye mfuko mlangoni, yamefuliwa na kukunjwa.

Nilichukua koti, nikaingiza mkono wa kwanza. Nilipoingiza wa pili, nikageuka nyuma.

Niligeuka kwa sababu nilidhani Bi Khole amesimama nyuma yangu. Bi Khole ni mama yake Mudir Humaid. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba yuko pale, hata salamu ilikuwa imeshanifika mdomoni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta tu na sinki la kunawia.

Nilisimama na koti nusu limevaliwa. Ndipo nikaleta mkono wa koti puani. Ulinuka ukumbi wa nyumba yake Azaiba, wote kamili: udi, sandali, mawaridi, na kile kitamu kizito cha mwisho ambacho hataki kumwambia mtu ni kitu gani. Niliutoa mfuko mzima, nikanusa makoti yote moja baada ya jingine. Yote yalikuwa vile vile.

Nilimwita Ghanim. Nilimpa koti nikamwambia anuse. Akanusa, akanitazama, akanusa tena.

"Nguo safi," akasema. "Nasikia sabuni."

"Husikii buhuri?"

"Jemimah, tuko Muscat. Ukinusa hata punda utasikia buhuri." Akarudi kwenye meza yake.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa, ingawa sikutaka. Mimi mwenyewe kabla ya likizo nisingesikia kitu. Buhuri, ule mchanganyiko wa udi wa kufukizia nguo, iko kwenye nguo za wanaume wanaotoka msikitini, kwenye teksi, kwenye benki, kwenye mapazia ya ofisi. Mtu akikaa huku, pua inaizoea kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kulala katika nyumba ya matope inayonuka moshi wa kuni na maziwa, na nilikuwa nimeleta pua mpya.

Niliuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za kawaida, ni nani aliyekuwa akifua makoti nilipokuwa sipo. Kabla ya likizo kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliyafua papo hapo karakanani kwa sabuni isiyo na harufu na kuyakausha kwenye mashine. Ghanim alinijibu bila kuinua kichwa. Kwanza yalipelekwa kwa dobi, yakarudi na manyoya. Kisha mama yake mudir akasema asisumbuliwe mtu, aletewe yeye nyumbani.

Nilirudi chumba safi, nikaketi kwenye kiti changu cha kusukia, sikushika waya hata mmoja. Nilikuwa nimemwomba Mungu aliyekosa ajulikane. Sasa alikuwa amejulikana, na laiti ingewezekana kumrudishia Mungu jibu lake, ningemrudishia.

Nimweleze na Bi Khole, maana bila kumjua mtu anaweza kumdhania vibaya. Alizaliwa Unguja, akaja Oman mjane mwenye mtoto mmoja. Mwaka wangu wa kwanza Muscat, nilipolazwa hospitali, alikuja kila siku na uji ndani ya chupa ya chai, akakaa akanisomea dua zake, nami nikamwambia naamini kwa njia yangu, akasema hata yeye anaamini kwa njia yake, basi tunywe uji. Tangu hapo sikumwita jina lingine ila Mama.

Ijumaa baada ya ibada sikungoja chai ya ushirika. Nilichukua teksi kutoka Ruwi hadi Azaiba. Nilimkuta uani nyuma ya nyumba, kanga begani, ameinama juu ya kazi. Mbele yake kulikuwa na kile kitenga cha miti ambacho nyumba zao zote huwa nacho, kimesimama kama hema dogo. Juu yake yalikuwa yametandazwa makoti yetu meupe. Chini yake kulikuwa na chetezo chenye makaa, na moshi ulikuwa unapanda polepole ukiingia kwenye mikono ya makoti, hata ikatuna kidogo kana kwamba mna watu ndani.

Nilikuwa nimeshajua nitakachokikuta. Hata hivyo ilinibidi niketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekonda. Kwenu hawapiki?"

Nilimjibu kwamba wanapika. Akaniuliza mama yangu hajambo, mvua zimenyesha, mdogo wangu ameolewa. Wakati wote aligeuza makoti, upande huu, upande ule, kwa uangalifu wa mtu anayegeuza mkate.

"Nnawafulia miye sasa," akasema. "Yule dobi alikuwa anayarejesha yana manyoya kama kalala nayo paka. Nikamwambia Humaid, nletee. Kazi yenyewe hii kubwa, watu wanaivaliaje nguo namna ile?"

"Na moshi, Mama? Yeye alikwambia uyafukize?"

"Hajanambia. Kwani jambo la kuambiwa hilo?" Alinitazama kwa mshangao. "Yeye kanambia visanduku vyenu vinapokea vitu vinavyoshuka kutoka juu mbinguni, jicho haliwezi kuviona. Nikasema, Ya Rabi, na wao wanavipokea na nguo inanuka jasho? Malaika wenyewe wanapenda harufu nzuri. Buhuri hii nnaipika mwenyewe. Ile ya arusi. Ile ya kila siku sijaitumia hata mara moja."

Kulikuwa na kunguru kwenye ukuta wa jirani, na nakumbuka nilimtazama muda mrefu. Niliomba kimya, maneno machache tu: nipe ulimi, na uwe laini. Kisha nikasema.

"Mama, milango imeharibika. Yote iliyosukwa nikiwa nyumbani. Ni huu moshi."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi siku za kwanza. Moshi una mafuta. Mafuta hukaa kwenye koti, koti huinama juu ya nyaya, na waya ulio mwembamba namna ile hauvumilii kitu chochote juu yake. Umeme ukipita, yale mafuta yanatoa cheche. Nilimwambia kwamba wamemlaumu Achieng na Jumatatu anarudishwa kwao. Nilimwambia kuhusu kamati.

Uso wake ulibadilika polepole. Midomo ndiyo iliyotangulia, ikawa myeupe. Aliinama, akachukua chetezo kwa mkono mtupu, na kilikuwa cha moto, nikaona vidole vyake vinaruka lakini hakukiachia. Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kusuuzia. Makaa yalilia, na mvuke ukapanda mpaka usoni kwake.

"Nlikuwa nnasoma Yasin," akasema. "Kila koti. Nnalifukiza, nnalisomea."

Nilitazama vidole vyake vilivyoungua.

"Humaid anajua?"

"Hajui bado."

Akaondoa makoti kwenye kitenga, moja moja, akayakunja vizuri kana kwamba bado ni ya kuvaliwa. Alipomaliza akaniambia, "Nenda zako, mwanangu," na hakunisindikiza mpaka getini. Tangu tujuane hakuwahi kuacha kunisindikiza.

Jumamosi hakuja karakanani wala hakupiga simu. Mudir alikuwa kama kawaida, amefunga kilemba vizuri, anakagua sakafu kabla ya mgeni kufika, na nilijua kutokana na uso wake kwamba hajaambiwa. Nilifua makoti mengine ya akiba kwa mikono yangu, kwa sabuni yetu. Nyumbani Achieng alikuwa ameshaacha hata kulalamika. Nilimwambia asubiri, kuna jambo. Akasema yeye ameshasubiri, ndiyo maana sanduku lina kamba. Nilimwahidi Mungu kwamba mgeni akifika mlango wa kuondokea bila Bi Khole kusema, nitasema mimi, hata kama baada ya hapo nitafunga sanduku langu pia.

Mgeni wa Jumapili alikuwa mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, daktari wa fizikia, mpole, asiyekubali kitu kwa kuambiwa. Kamati ilimtuma yeye aone na kuamua. Alitazama milango yangu, akaketi mbele ya kiwambo akahesabu nukta kwa kidole kama mtoto. Kisha Ghanim akawasha mlango wa Achieng, na ile tik, tik ikasikika chumba kizima.

Mudir Humaid alieleza kwa Kiingereza. Nilimwelewa vizuri, masomo ya jioni hayakupotea bure. Alisema mfanyakazi mmoja alivunja masharti ya usafi, na mfanyakazi huyo ameondolewa. Yule daktari aliuliza kama wana hakika. Mafuta ya mikono hayasambai sawasawa kwenye waya wote, alisema, na haya yamesambaa sawasawa. Mudir akarudia yale yale. Nikaona daktari anafunga kalamu yake, na nikajua ameamua. Kosa lisilojulikana chanzo chake haliwezi kupewa fedha.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Sauti iliyosikika haikuwa yangu. Ilitoka mlangoni. Bi Khole alikuwa amesimama pale kwenye mstari mwekundu ambao hakuna anayeruhusiwa kuuvuka bila koti, amevaa abaya yake nyeusi, mkono umefungwa bendeji, na mkono wa pili umebeba mfuko wa makoti. Hakuuvuka mstari. Aliongea na mwanawe kwa Kiswahili, bila salamu.

"Humaid, mwambie huyu mama msichana hana kosa. Nguo ndizo zilizoharibu, kwa kufukizwa. Nnazo hizi hapa, anuse mwenyewe."

Nilimwona mudir akitafuta pa kushika. Alishika ukingo wa meza. Aliangalia mfuko, akamwangalia mama yake, kisha bendeji, na katika muda ule mfupi nadhani aliikumbuka kila asubuhi aliyobeba mfuko ule kutoka Azaiba kwenye gari lake mwenyewe. Akageuka kwa mgeni, akasema kwa Kiingereza kwamba inaonekana kampuni ya dobi ilitumia manukato.

Bi Khole hajui Kiingereza. Akanigeukia mimi.

"Kasema nini, Jemimah?"

Mudir alinitazama. Alikuwa tajiri wangu, bataka yangu, kadi ya kibali cha kazi, ilikuwa na jina lake, na hakuwahi kunionea hata siku moja. Lakini aliyeniuliza alikuwa Mama.

"Amesema ni dobi," nikajibu.

Bi Khole akatikisa kichwa taratibu. "Mwambie, dobi ndiye miye."

Nilingoja mudir aseme. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, mikono magotini, kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akakuta hakuna ngazi. Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiingereza, sauti ndogo: ni mama yangu, aliyafukiza kama tunavyofukiza nguo za sala, hakujua, na mimi nilikuwa nayabeba, na sikusikia harufu.

Daktari aliuvuka mstari kuelekea nje. Alichukua koti moja, akaliweka usoni, akavuta pumzi ndefu, akabaki hivyo muda. Alipolishusha macho yake yalikuwa na machozi, sijui ya moshi au ya nini. Akasema ameona milango ikiuawa na nzi, na gundi mbaya, na jasho la profesa maarufu, lakini hajaona mlango uliouawa na baraka. Kisha akauliza ndani ya buhuri kuna nini. Hakuwa anatania, alitaka kujua ni mafuta gani ili ajue yataoshwa na nini. Nikamtafsiria Bi Khole, naye akamtajia yote, udi, sandali, zafarani, miski, mawaridi, sukari, na hata kile kitu cha mwisho ambacho hajawahi kumwambia mtu. Sitakitaja hapa. Alikitoa pale kwa sababu ya Achieng, na si changu kukitangaza.

Uamuzi ulikuwa hivi: chanzo kimejulikana, kwa hiyo mfuko haufungwi. Lakini kamati hailipii waya mmoja mara mbili. Milango iliyoharibika ifunguliwe, ioshwe na kusukwa upya kwa gharama ya karakana, ijaribiwe kabla ya mwaka kwisha, na ikikaa kimya fedha za kumalizia duara zitatolewa.

Jioni ile mudir alikuja mwenyewe Darsait. Kabla ya siku ile hakuwahi kupanda ngazi zetu. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akamwambia Achieng mbele yangu kwamba amemkosea, na kwamba akitaka kubaki, meza yake ipo.

Achieng alimtazama. Nilidhani atalia.

"Nitabaki, mudir," akasema. "Lakini utanisaidia kufungua hizi kamba. Nilifunga kwa hasira."

Na kweli alichuchumaa, na kanzu yake nyeupe, akahangaika na mafundo yale mpaka akaomba kisu.

Tulisuka upya mwezi mzima wa Ramadhani. Wenzetu walifunga, na mimi na Achieng tukala chakula chetu cha mchana tumejificha stoo kwa heshima. Bi Khole alikuja kila siku. Alileta kiti chake, akakiweka kwenye mstari mwekundu, na hakuna aliyeingia bila kunuswa kwanza. Pua yake, alisema, ndiyo iliyojua kutengeneza, basi ndiyo itakayojua kukamata. Alimrudisha Ghanim. Alimrudisha fundi wa viyoyozi kwa sababu ya sigara. Siku moja mwanawe alikuja moja kwa moja kutoka msikitini.

"Rudi ukakoge," akamwambia.

"Mama, nimesimama tu karibu na watu."

"Na miye nlifua tu nguo. Rudi."

Alijikatalia mwenyewe zaidi kuliko alivyotukatalia sisi. Kwa kuwa mudir aliishi kwake, chetezo hakikuwashwa tena katika nyumba ile. Sikukuu ya Idi wageni walikuja kwa wingi kama kila mwaka, wakala halua, wakanywa kahawa, na wakati wa kuaga wakasimama ukumbini wakingoja. Desturi ni kwamba mgeni haondoki bila kupitishiwa udi. Nilikuwa jikoni nikisaidia vikombe. Niliona bibi mmoja mzee ananyoosha ushungi wake tayari kuupokea moshi, anangoja, kisha anaushusha taratibu akitazama chini. Bi Khole aliwaaga wote kwa mkono, uso umeinuliwa. Hakumweleza mtu sababu. Nasikia hata leo wako wanaosema mwaka ule alifilisika.

Milango ilijaribiwa Desemba. Ghanim alipandisha umeme wa mlango wa kwanza wa Achieng. Mshale ulilala. Nukta ya kwanza ilitokea pembeni, halafu ya pili. Achieng alinishika mkono kwa nguvu hata nikaumia. Niliangalia mlangoni. Bi Khole alikuwa kwenye kiti chake, macho ameyafumba, midomo inacheza. Nami nilifumba yangu.

Miezi michache baadaye lori lilikuja kuchukua kreti za mwisho, zile za kulifunga duara. Tulitoka nje sote kulisindikiza. Bi Khole alikuwa ameficha kitu chini ya abaya. Lilipotoka getini hakukitoa. Lilipoingia barabara kuu hakukitoa. Aliangalia mpaka likapinda kuelekea bandarini na tukaacha kulisikia, ndipo akaweka chetezo chini kwenye changarawe, akawasha makaa, akatia buhuri ya arusi.

Alianza na Achieng. Achieng alinyanyua mikono yote miwili juu, kama mtoto anayepimwa sare ya shule, na moshi ukampanda mpaka kwenye nywele.